Siku Tatu Nyuma ya Pikipiki ya Daktari wa Mifugo

Kama unafuga kuku wawili nyuma ya nyumba, au una mbuzi mmoja uliyempata kwa kikundi cha akiba, au hufugi chochote lakini unanunua maziwa sokoni, makala hii inakuhusu. Sisi wahamasishaji wa afya tumezoea kuja mlangoni kwako kuzungumza juu ya chandarua, choo na kunawa mikono. Mara hii ninakuletea habari za mtu mwingine. Wengi wetu tunamwona akipita na pikipiki yake yenye matope, lakini hatumwiti mpaka mnyama ameshakufa. Huyo ni daktari wa mifugo.

Mimi nimezaliwa Masisi, Kivu ya Kaskazini, nchi ya milima, ng'ombe na jibini. Nilidhani ninajua mifugo. Msimu huu wa mvua niliombwa kufuatana na daktari huyo siku tatu ili nimtafsirie. Yeye ni mwenyeji wa hapa kusini-magharibi mwa Uganda, lugha yake ni Kinyankole, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Katika siku hizo nilitafsiri maneno mengi. Kuna sentensi moja ambayo ilinishinda kuitamka, na nitakueleza.

SIKU YA KWANZA: NDAMA ALIYEKATAA KUTOKA

Simu ililia saa kumi na moja alfajiri. Mfugaji wa kijiji cha jirani alisema ng'ombe wake amesukuma tangu usiku na ndama hatoki. Tulipanda pikipiki. Nyuma daktari amefunga kisanduku cha chanjo chenye vipande vya barafu. Begani ana mfuko wenye kamba, sabuni, glovu ndefu, kipimajoto na sindano. Hiyo ndiyo hospitali yake yote.

Ng'ombe alikuwa amelala ubavu kando ya migomba, pembe zake ndefu za Kiankole zimegusa ardhi. Daktari alivua shati kwenye baridi ile, akanawa mkono kwa sabuni mpaka begani, akavaa glovu inayofika kwapani, akalala chini kwenye matope nyuma ya ng'ombe. Alipapasa kwa muda mrefu huku amefumba macho.

"Miguu imekuja, kichwa kimegeuka nyuma," alisema.

Kumbe watu walikuwa wamevuta miguu usiku kucha! Kila walipovuta, kichwa kilizidi kukwama. Yeye alimsukuma ndama kurudi ndani kwanza, akakizungusha kichwa kikae juu ya miguu ya mbele, ndipo akafunga kamba. Tulivuta pale tu ng'ombe aliposukuma. Akipumzika, na sisi tunapumzika. Ndama alitoka amelegea, hapumui. Daktari alimtoa ute mdomoni na puani, akamsugua mbavu kwa majani makavu, akachukua unyasi mmoja akamtekenya ndani ya pua. Ndama akapiga chafya. Mzee mwenye ng'ombe alikaa chini palepale, akaficha uso kwa kofia yake.

Sasa sikiliza jambo linalokuhusu wewe. Mtoto wa nyumba ile alikuja mbio kuokota kondo la nyuma kwa mikono mitupu ili ampe mbwa. Daktari alimzuia kwa sauti kali. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaweza kuwa na ugonjwa wa kutupa mimba, unaoitwa brusela. Vijidudu vyake vinakaa katika kondo, katika majimaji ya uzazi na katika maziwa. Mtu akivipata anaumwa homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, na maumivu ya viungo na mgongo. Wengi hudhani ni malaria. Kwa hiyo kama umetibiwa malaria na homa inarudi tena na tena, mwambie mhudumu wa kituo cha afya kwamba unakunywa maziwa mabichi au ulisaidia mnyama kuzaa. Asipojua hilo, huenda asifikirie kupima ugonjwa huo.

Kondo lilifukiwa. Kabla ya kuondoka daktari alimchoma ng'ombe sindano ya dawa ya kuua vijidudu, akasema maziwa yasinywewe wala kuuzwa mpaka siku alizozitaja ziishe. Mzee alinung'unika, kwa sababu maziwa ndiyo ada ya shule ya mjukuu. Daktari alimjibu, "Dawa niliyompa ng'ombe inatoka kwenye maziwa. Ukiiuza, unawanywesha watoto wa watu dawa ambayo hawakuandikiwa." Mzee alikubali. Baadaye, njiani, daktari aliniambia hana hakika kama atatii. "Mimi naondoka na pikipiki, yeye anabaki na ndoo," alisema.

SIKU YA PILI: KUKU, HALAFU MBWA

Asubuhi ya pili ilikuwa ya kuku. Unaujua ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku anapinda shingo, anaharisha kijani, na kwa wiki moja banda zima linabaki manyoya. Dawa ya kuutibu hakuna, ila chanjo ipo. Ni tone moja tu katika jicho la kila kuku, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Anachanjwa kuku mzima, kwani aliyekwisha kuugua chanjo haimwokoi. Akina mama walipanga foleni na kuku kwapani, na kazi ikaisha kabla ya jua kupanda.

Tukiwa tunakunja vitu, bibi mmoja alipita amemshika mkono mjukuu wake wa miaka kama saba. Mguu wa mtoto ulikuwa umefungwa kitambaa chenye dawa ya majani. Mbwa wa jirani alimuuma akiteka maji. Bibi hakuwa anakuja kwetu, alikuwa anakwenda shambani.

Daktari wa mifugo hatibu watu, lakini siku ile ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza, "Mbwa gani? Amechanjwa? Yuko wapi sasa?" Kisha akaomba sabuni na jagi la maji. Tulifungua kitambaa, tukaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayomiminika kwa dakika 15. Alitazama saa ya simu na hakukubali tupunguze hata dakika moja. Mtoto alilia, bibi akakasirika.

Hapo nilimweleza bibi jambo ambalo huwa sipendi kulisema. Kule Masisi mdogo wangu aliumwa na mtoto wa mbwa. Kidonda kilikuwa kidogo kama kuchomwa na mwiba. Tulikipaka majani, kikapona, tukasahau. Baada ya wiki sita alianza kuogopa maji. Akipewa kikombe, koo linakaza na mwili mzima unatetemeka. Hakumaliza wiki. Alikuwa na miaka tisa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, kunawa na sindano vinaokoa.

Bibi alinyamaza. Kisha akasema, "Twende basi." Tulimfikisha mtoto kituo cha afya, akapata sindano ya kwanza siku ileile. Daktari alibaki kumtafuta mbwa. Hakuwa amechanjwa. Aliagiza afungwe na atazamwe siku 10, asiuawe, kwa sababu mbwa mwenye ugonjwa huo huonyesha dalili na kufa ndani ya siku hizo. Siku ya nne mbwa alikata kamba akatoroka, hakuonekana tena. Ndiyo sababu mtoto yule alipaswa kumaliza sindano zote, na amezimaliza.

Ndugu msomaji, duniani kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote wanaambukizwa na mbwa. Wengi wao wako Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Mahali ambapo mbwa 70 kati ya kila 100 wanachanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Ukisikia siku ya chanjo ya mbwa imetangazwa, mpeleke wako, hata kama ni mbwa wa kulinda tu na hana jina.

SIKU YA TATU: "UMETAFSIRI VIZURI?"

Siku ya tatu tuliitwa hapahapa kambini. Mama mmoja mjane alikuwa na ng'ombe mkubwa mmoja na mtamba mmoja. Yule mkubwa aliitwa Bihogo, jina ambalo watu wa hapa humpa ng'ombe wa rangi nyekundu iliyoiva. Alimnunua kwa fedha za kikundi cha akiba na deni lilikuwa bado. Siku nne mama alikuwa amelala kituo cha afya na mtoto mgonjwa. Aliporudi alfajiri, Bihogo alikuwa amekufa zizini, na puani kuna povu lenye damu. Watoto walisema jana yake alikuwa mzima.

Tulipofika, watu walikwisha kukusanyika na visu na mabeseni. Sikulaumu mtu. Unajua mwenyewe mgao ulivyopungua. Nyama ile ingelisha nyumba nyingi, na ingelipa sehemu ya deni.

Daktari aliutazama mzoga bila kuugusa. Aliwaomba watu wasogee nyuma. Akavaa glovu, akachukua matone machache ya damu sikioni, akayapaka kwenye vioo viwili. Kisha akanigeukia, akasema kwa Kinyankole sentensi fupi. Nilisimama kimya.

"Waambie," alisema.

Nikasema, "Mama, daktari anasema asichunwe wala kufunguliwa. Azikwe mzima, na ngozi yake."

Mama alinitazama machoni. "Mwanangu, umetafsiri vizuri?"

"Ndiyo, mama."

Watu walipiga kelele. Mmoja alisema huyu ana mshahara, hajui njaa. Mwingine alisema tutaichemsha mpaka jioni, hakuna kijidudu kitakachobaki. Daktari hakujibu kwa hasira. Alivua kofia ya pikipiki akaeleza, nami nikatafsiri neno kwa neno.

Alisema mnyama aliyekufa ghafla na kutoka damu puani, mdomoni au nyuma anaweza kuwa na kimeta. Mzoga ukifunguliwa, vijidudu vikipata hewa vinajivika gamba gumu. Katika hali hiyo vinaweza kukaa ardhini miaka mingi sana, kiasi kwamba mjukuu wa ng'ombe huyu anaweza kufa kwa kula majani ya hapo. Kuchemsha nyama si kinga ya kutegemea. Anayechuna anapata uvimbe unaowasha, kisha kidonda chenye ngozi nyeusi katikati, mara nyingi bila maumivu. Anayekula anaweza kuugua tumbo vibaya na kufa. Mwishoni mwa mwaka 2023 kimeta kilizuka katika wilaya ya Kyotera, hapahapa Uganda. Ng'ombe walikufa, watu waliogusa na kula nyama wakaugua, na baadhi walifariki. Mwanzoni wako waliodhani ni uchawi.

Halafu akaomba jembe, akaanza kuchimba mwenyewe. Baada ya muda vijana wawili walishuka shimoni kumsaidia. Tulichimba mpaka kina cha mita mbili, tukamfukia Bihogo, tukaweka miiba juu ili mbwa wasifukue. Mama alikaa mlangoni kwake, hakutusindikiza.

KAZI YAO ISIYOONEKANA

Jioni tulikunywa chai kando ya barabara. Nilimuuliza daktari kwa nini anaendelea na kazi ambayo watu wanamchukia kwayo. Badala ya kujibu alinisimulia habari za sotoka.

Sotoka ilikuwa tauni ya ng'ombe. Iliingia pembe ya Afrika mwaka 1887, na katika miaka michache ikashuka mpaka kusini mwa bara. Mahali pengi iliua ng'ombe 80 mpaka 90 kati ya kila 100. Wafugaji walikufa njaa baada ya mifugo yao. Katika karne ya 20 mtaalamu Walter Plowright, akifanya kazi Muguga nchini Kenya, alitengeneza chanjo nzuri. Lakini ilihitaji barafu, na barafu haifiki kila mahali. Baadaye ilipatikana chanjo inayostahimili joto, na katika sehemu kama Karamoja wafugaji wenyewe walifundishwa kuichoma. Walikuwa watu wa kujitolea, kama mimi ninayekuandikia. Mara ya mwisho sotoka ilionekana mwaka 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru, Kenya. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kuwa imekwisha. Hadi leo ni magonjwa mawili tu yaliyofutwa kabisa duniani, ndui kwa watu na sotoka kwa ng'ombe.

"Aliyekufa unamwona," daktari aliniambia. "Yule ambaye hakuugua humwoni. Kwa hiyo kazi yangu ikienda vizuri, hakuna cha kuonyesha."

Akaongeza habari nyingine. Mwaka 2016 huko Kabale kulionekana Homa ya Bonde la Ufa kwa watu, mara ya kwanza Uganda tangu 1968. Mmoja wa wagonjwa wawili wa mwanzo alikuwa mchinja nyama. Ugonjwa huo unaletwa na mbu kwa mifugo, na mtu anaupata zaidi kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Dalili yake kubwa zizini ni mimba nyingi kutoka na ndama au wana-kondoo wengi kufa kwa pamoja, hasa baada ya mvua kubwa. Ukiona hivyo kwa jirani, mtaarifu daktari wa mifugo mapema. Mara nyingi mnyama huugua kwanza, mtu hufuata.

DAKTARI ALIRUDI

Nilidhani habari imeishia hapo. Baada ya siku sita daktari alinipigia simu. Majibu ya maabara yalikuwa yametoka. Haikuwa kimeta. Vioo vilionyesha vijidudu vya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ambao haumwambukizi mtu.

Nikamwambia, "Basi tunyamaze. Mama ameanza kusahau."

Alikataa. Tulikwenda wote wawili. Alisimama mbele ya nyumba ya mama, na majirani walewale wakaja. Akaanza kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Mama, mimi nilikataza nyama. Maabara inasema hapana kimeta. Nimekuja kukuambia mimi, usisikie kwa wengine." Kisha akanigeukia nimalizie kwa tafsiri: kwamba kesho akikuta tena damu puani atasema vilevile, kwa sababu jicho la mtu si hadubini. Na kwamba mnyama aliyejifia haliwi hata siku moja, kwa kuwa sababu ya kifo unaijua baadaye, wakati nyama iko tumboni.

Watu walinyamaza. Nilitazamia matusi. Mama alisema polepole, "Ungekaa kimya, nisingejua."

Kisha akasema, "Njoo umtazame mtamba wangu."

Daktari alimpapasa mtamba chini ya sikio. Tezi ilikuwa imevimba kama yai. Kipimajoto kilionyesha homa kali. Ilikuwa ndigana ileile, lakini safari hii katika siku zake za mwanzo. Alimchoma dawa siku hiyo, akarudi kesho yake. Dawa hiyo ni ya bei, na mama analipa kidogo kidogo. Alimwonyesha pia jinsi ya kukagua kupe ndani ya masikio na kunyunyizia dawa kwa pampu kila wiki. Mtamba anakula majani leo. Nilimwona jana.

Ndugu msomaji, nimekuandikia haya kwa sababu nimejifunza kwamba kazi ngumu ya daktari wa mifugo si kulala kwenye matope. Ni kumwambia mtu mwenye njaa "hapana", na kubaki mtu ambaye anaitwa tena. Msaidie kwa kumwita mapema. Bihogo alikuwa na tezi siku kadhaa kabla ya kufa, na dawa ilikuwepo.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mnyama akikataa kula, akivimba tezi, akitupa mimba au akiwa na homa, ita daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

2. Mnyama aliyejifia asichunwe, asiliwe, asiuzwe. Akitoka damu puani, mdomoni au nyuma, msimguse. Wazuieni watoto na mbwa, toeni taarifa.

3. Kama uligusa au ulikula nyama ya namna hiyo, nenda kituo cha afya mara moja na useme ukweli. Kimeta kinatibika kikiwahiwa. Hakuna atakayekushtaki.

4. Ukiumwa na mbwa au paka, osha kidonda kwa sabuni na maji dakika 15, kisha nenda kituo cha afya. Usipake majani, pilipili wala udongo. Maliza sindano zote.

5. Chemsha maziwa mpaka yatokote. Usinywe wala kuuza maziwa ya mnyama aliyechomwa dawa mpaka siku alizotaja daktari ziishe.

6. Usishike kondo au mimba iliyotoka kwa mikono mitupu. Mama mjamzito asisogee kabisa.

7. Chanja kuku, mbuzi, ng'ombe na mbwa siku zinapotangazwa.

Ukiwa na swali, mwulize mhamasishaji wa afya wa eneo lako. Namba ya daktari wa mifugo tunayo, na tutampigia kwa niaba yako. Kinga ni bora kuliko tiba, kwa mtu na kwa mnyama wake.